Fremu, Magurudumu na Uma: Baiskeli kwa Mzigo na Njia

Mazungumzo ya leo yanahusu chombo ambacho familia nyingi za Afrika Mashariki zimewahi kukimiliki, kukiazima au kukikodi kwa saa, nacho ni baiskeli. Hata hivyo, hayatahusu baiskeli nzima, kwa sababu mada hiyo ingehitaji siku kadhaa. Yatahusu sehemu tatu tu ambazo ndizo huifanya baiskeli moja iwe ya mzigo, nyingine iwe ya mbio na nyingine iwe ya mlimani. Ya kwanza ni fremu, yaani mwili wa mabomba unaoshika kila kitu. Ya pili ni magurudumu, pamoja na ringi, spoki na matairi yake. Ya tatu ni uma wa mbele, yaani kile kipande chenye matawi mawili kinacholishika gurudumu la mbele na kugeuka pamoja na usukani, ambacho siku hizi mara nyingi huwekewa springi ndani.

Huenda msikilizaji akauliza: kwa nini sehemu hizi zizungumzwe pamoja, ilhali dukani kila moja huuzwa peke yake na kwa bei yake? Jibu ni kwamba hakuna hata moja inayoweza kuchaguliwa bila kuziangalia nyingine mbili. Uma ukirefushwa, fremu huinuka mbele na usukani hubadilika tabia; tairi likinenepa, huhitaji nafasi pana zaidi kati ya matawi ya uma; fremu ikiundwa kwa ajili ya kasi, mara nyingi hukosa mahali pa kufungia keria. Kwa hiyo anayetaka kuielewa baiskeli huanza na maswali mawili, ambayo yatarudiwa tena na tena katika mazungumzo haya: mzigo gani, na njia gani?

Inafaa kuanza na fremu. Baiskeli zilizovuma katika miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe la mbele, kwa hiyo mpandaji alikaa juu sana na, gurudumu likigonga jiwe, alirushwa kichwa mbele. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kupeleka nguvu za miguu kwenye gurudumu la nyuma. Haikupita miaka mingi kabla fremu haijafikia umbo linalotawala hadi leo: pembetatu mbili zilizoungana kwenye bomba la kiti, moja ikielekea mbele kwenye usukani na nyingine ikielekea nyuma kwenye ekseli.

Je, kwa nini pembetatu? Atakayefunga vijiti vitatu kwa kamba kwenye ncha zake ataona kwamba umbo haliyumbi, ilhali vijiti vinne vilivyofungwa vivyo hivyo hulala upande vikisukumwa kidogo tu. Mtaalamu mkali atasema kwamba pembetatu ya mbele si pembetatu kamili, kwa sababu ncha yake imekatwa na bomba fupi la shingo ambamo uma huzunguka, naye atakuwa na haki. Na ndiyo maana fundi mzoefu anapokagua fremu iliyotumika hutazama kwanza chini ya shingo hiyo, mahali inapoungana na bomba la chini, kwa kuwa hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia. Baiskeli ya kike, ambayo bomba lake la juu limeshushwa ili anayevaa gauni au kanga apande bila taabu, imeacha kwa makusudi sehemu ya ugumu wa pembetatu, na mtengenezaji hulipia upungufu huo kwa mabomba mazito zaidi. Kinyume chake ni baiskeli za mizigo zenye mabomba mawili ya juu, ambazo zimeongeza ugumu kwa sababu zinajua zitabeba nini.

Katika fremu kuna jambo moja ambalo halionekani kwa haraka lakini lina uzito kuliko rangi na jina la kampuni, nalo ni pembe ya shingo, yaani kiasi ambacho bomba la shingo limelala nyuma likipimwa kutoka usawa wa ardhi. Katika baiskeli ya mbio pembe hiyo hukaribia digrii 73, maana yake shingo imesimama, usukani ni mwepesi na baiskeli hugeuka mara moja mpandaji anapotaka. Katika baiskeli nzito za zamani, zile ambazo Wakenya huziita Black Mamba na ambazo Watanzania wengi wanazijua kwa majina ya Phoenix ya Shanghai, Hero ya India au Raleigh ya Nottingham, pembe hiyo ni digrii 67 au 68 hivi. Shingo imelala, uma umepinda mbele kwa mkunjo mrefu, na umbali kati ya ekseli mbili ni mkubwa. Matokeo yake ni nini? Baiskeli hiyo haina haraka ya kugeuka, hukaa kwenye mstari hata ikiwa imebeba magunia ya mkaa, na jiwe likigongwa, mkunjo wa uma huachia kidogo na kurudi, huku springi za chini ya kiti zikipokea sehemu ya mshtuko uliobaki.

Hapa ndipo penye hoja ambayo mara nyingi hupuuzwa. Baiskeli hiyo nzito huitwa ya kizamani, kana kwamba watengenezaji wake waliendelea kuiunda kwa kukosa maarifa, lakini ukweli ni kwamba kila kipimo chake ni jibu la maswali yale mawili: mzigo gani, na njia gani. Isitoshe, watengenezaji wa baiskeli za mlimani za bei kubwa, baada ya miaka mingi ya kuiga pembe za baiskeli za mbio, wamerudi kulaza shingo hadi digrii 66, 65 na hata chini ya hapo, kwa sababu wamegundua kwamba kwenye mteremko wenye mawe shingo iliyosimama humtia mpandaji hatarini.

Kuhusu malighafi ya fremu, maelezo mafupi yatatosha. Chuma ni kizito lakini huvumilia, hupinda kabla ya kukatika, na kikipasuka fundi wa kuchomelea wa soko lolote anaweza kukiunga. Alumini ni nyepesi, lakini kuiunga kunahitaji mashine maalumu, na aghalabu fremu hupaswa kupashwa moto tena kwa utaratibu ili irudishiwe nguvu zake, jambo ambalo vibanda vingi haviwezi kulifanya. Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu ni nyepesi kuliko zote, na kwa ajili yake mashindano ya barabarani yamelazimika kuweka kikomo cha chini cha uzito, yaani kilo 6.8 kwa baiskeli nzima. Lakini ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi hadi siku fremu inapovunjika. Anayebeba maziwa kilomita nyingi kila asubuhi hana sababu ya kuionea wivu kaboni.

Sehemu ya pili ni magurudumu, na hapa panahitaji kukaa kidogo. Swali la kuanzia ni hili: gurudumu lenye waya nyembamba kiasi kile linawezaje kumbeba mtu, abiria wake na gunia? Wengi hudhani kwamba kitovu, yaani kile kipande cha katikati chenye gololi na grisi, kimesimama juu ya spoki za chini. Lakini spoki ni waya tu, na waya ukisukumwa hupinda. Kazi yake ni kuvuta. Fundi anapokaza spoki zote, huivuta ringi kutoka kila upande kwa mkazo mkubwa, na uzito unapoingia, spoki za chini hupungukiwa na mkazo huo kidogo bila kulegea kabisa, huku nyingine zikiendelea kulishika gurudumu zima. Kwa hiyo kila gurudumu linapozunguka mara moja, kila spoki hulegezwa na kukazwa mara moja, na baada ya safari nyingi hilo ni zoezi la mara milioni kadhaa. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia zoezi hilo. Iliyolegea huchezacheza, huchoka na hatimaye hukatika, kwa kawaida pale inapopindia kwenye kitovu. Ndiyo maana fundi stadi hazipigi spoki kwa vidole ili kujifurahisha: anasikiliza ile yenye sauti nzito kuliko wenzake.

Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa zaidi ya uzito, tena hupokea nguvu za mnyororo. Waingereza walilizingatia jambo hilo mapema, wakazoea kuweka spoki 32 mbele na 40 nyuma katika baiskeli zao nzito, desturi iliyohamia India na kufika Afrika Mashariki. Baiskeli ya mbio ya leo inaweza kuwa na spoki 24 au pungufu, kwa kuwa ringi zake ni ngumu na mzigo wake ni mtu mmoja mwembamba. Baiskeli za gia nyingi zina tatizo lao: meno ya gia hula nafasi upande wa kulia wa kitovu, kwa hiyo spoki za upande huo husimama karibu wima na kukazwa zaidi kuliko za kushoto, na gurudumu hupoteza ulinganifu. Mwenye baiskeli ya gia nyingi anayebeba abiria mzito kila siku atakutana na tatizo hilo mapema.

Je, msikilizaji amewahi kumwona mtu akinunua tairi jipya lililoandikwa 28, sawasawa na lile la zamani, kisha likagoma kuingia kwenye ringi? Tatizo si tairi bovu. Namba za inchi hutaja kwa makadirio kipenyo cha nje cha tairi likiwa limejazwa upepo, wala hazitaji ukubwa wa ringi yenyewe. Ringi ya baiskeli nzito ya zamani, yenye breki za vyuma vinavyovutwa juu kuelekea upande wa ndani wa ringi, ina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa; ringi ya baiskeli ya mbio, ambayo nayo huitwa ya 28 katika nchi nyingi, ina milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini milimita 13 zinatosha kulifanya tairi moja lisipande na lingine lichomoke njiani. Namba 26 nayo ina mtego wake: tairi la inchi 26 lililoandikwa kwa sehemu, kama 1 3/8, hukaa kwenye ringi ya milimita 590, ilhali tairi la inchi 26 la baiskeli ya mlimani, lililoandikwa kwa desimali, kama 1.95, hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Dawa ni kusoma namba ndogo zilizochorwa ubavuni mwa tairi, kama 40-635 au 37-622, ambapo ya kwanza ni unene wa tairi na ya pili ni kipenyo cha ringi. Kwa kifupi, namba ya pili haidanganyi, na ndiyo ya kwenda nayo dukani.

Gurudumu la milimita 622 limeingia pia katika baiskeli za mlimani, ambako huitwa la inchi 29, kwa sababu gurudumu kubwa hupita juu ya shimo na jiwe kwa urahisi zaidi kuliko dogo. Wachukuzi wa zamani walilijua jambo hilo kwa miguu yao. Baiskeli za watoto na za michezo ya kuruka, zenye magurudumu ya inchi 20, hazijali mashimo. Zinajali wepesi wa kuzungushwa na uimara wa gurudumu dogo. Kwa upande mwingine, huko Goma mashariki mwa Kongo, aina ya baiskeli iitwayo chukudu hutengenezwa kwa mbao kuanzia mwili hadi magurudumu, hufungwa ukanda wa mpira mahali pa tairi, na husukumwa kwa mguu ikiwa imebeba viazi, kabichi na mkaa kwenye barabara zenye mawe ya volkeno. Haina pedali, haina spoki, lakini imejibu maswali yake mawili.

Kabla ya kufika kwenye uma, inafaa kukumbuka kwamba shokapu ya kwanza ya baiskeli ni tairi la upepo. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo, alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Hakuna springi iliyowahi kuipa baiskeli faida kubwa kama hiyo kwa uzito mdogo kama huo.

Sasa, sehemu ya tatu: uma wenye springi. Habari zake zinaanzia California, Marekani, katika milima ya Marin, ambako vijana wa miaka ya 1970 walichukua baiskeli kuukuu za chuma zenye matairi manene na kushindana kushuka mlima. Mashindano yao mashuhuri, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, kwa sababu breki zilizokuwa ndani ya kitovu cha nyuma, zile zinazofanya kazi pedali zikisukumwa kinyumenyume, zilipata joto hadi grisi ikageuka moshi, na baada ya kila mshuko kitovu kilipaswa kupakwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya mahususi kwa kazi hiyo. Zote hizo zilikuwa na uma mgumu, usio na springi. Ilipofika mwaka 1989 Paul Turner alianzisha kampuni ya RockShox, na uma wake wa kwanza, RS-1, uliingia ndani kwa milimita 50 hivi tu. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka akiutumia.

Je, uma huo hufanya kazi vipi? Ndani ya matawi yake kuna mambo mawili, na mawili hayo yasichanganywe. La kwanza ni springi, ambayo inaweza kuwa ya chuma au hewa iliyobanwa, na kazi yake ni kupokea pigo. La pili ni kizuizi cha mafuta, yaani mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na kazi yake ni kuituliza springi ili isirudi kwa kishindo. Springi bila kizuizi hudundadunda, na baiskeli inayodunda hupoteza mshiko wa tairi kwenye njia. Urefu wa safari ya uma, yaani umbali unaoweza kuingia ndani, huamuliwa na njia: baiskeli za mbio za nyikani hutosheka na milimita 100 hadi 120, na zile za kushuka milima mikali hufikia milimita 200, zikiwa na matawi yaliyofungwa juu na chini ya shingo.

Swali sasa ni hili: baiskeli za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu, zenye springi mbele na wakati mwingine katikati ya fremu, zina hayo mawili? Nyingi zina springi ya chuma peke yake, bila kizuizi chochote cha maana. Uma wa namna hiyo ni mzito, huingia maji na vumbi, hupata kutu ndani, na baada ya muda huganda, ukabaki mgumu kama uma wa kawaida lakini kwa uzito maradufu. Mpandaji akisimama juu ya pedali kupanda mlima, sehemu ya nguvu zake huishia kuibonyeza springi. Ile springi ya katikati ni mbaya zaidi kwa mchukuzi: nyuma ya fremu hupanda na kushuka, viungo vyake hulegea, na keria haina mahali imara pa kushikia. Kwa vijana wanaocheza mitaani haina neno. Kwa anayebeba abiria Shinyanga, au anayeshuka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, ni chombo kisichomfaa.

Ushahidi kwamba springi si jibu la kila njia umetoka hata kwa mabingwa. Mbio za Paris–Roubaix nchini Ufaransa hupita kwenye barabara za mawe zinazotikisa hadi mifupa. Mwaka 1992 na 1993 Gilbert Duclos-Lassalle alizishinda akiwa na uma wa springi, na mwaka 1994 Andrei Tchmil naye alifanya hivyo. Ilionekana kana kwamba uma mgumu umekwisha zama zake. Lakini wakimbiaji waliuacha uma wa springi na kurudi kwenye uma mgumu, kisha wakanenepesha matairi na kupunguza upepo ndani yake. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, mawe ya kilima cha Kimihurura nayo yalipandwa kwa baiskeli za uma mgumu. Tairi, basi, limeishinda springi mahali ambapo springi ilitarajiwa kushinda.

Waliotengeneza baiskeli ya Buffalo, inayounganishwa Kisumu na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika kwa ajili ya wanafunzi, wakulima na wahudumu wa afya vijijini, walifuata njia hiyohiyo: fremu ya chuma, uma mgumu, spoki nene, breki iliyo ndani ya kitovu cha nyuma na keria ya kubeba kilo 100. Hakuna springi hata moja kwenye uma wake.

Imebaki nasaha kwa anayenunua baiskeli ya mtumba yenye uma wa springi, kwa kuwa zinafika bandarini kwa wingi na baadhi yake ni nzuri sana. Breki ya mbele ishikwe, usukani usukumwe chini kwa nguvu: uma uingie kwa ulaini na urudi bila kugonga. Nguzo zake zinazong'aa zitazamwe. Zikiwa na mikwaruzo au kutu, mafuta yatavuja na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Iwapo uma umekufa na mwenye baiskeli anataka kuweka mgumu mahali pake, asichukue wowote ulio karibu, bali apime kwanza urefu kutoka ekseli hadi chini ya shingo uma wa zamani ukiwa umebonyezwa kidogo na uzito wa mpandaji, kisha atafute mgumu wenye urefu huo. Akiweka mfupi, shingo itasimama na usukani utakuwa mkali. Akiweka mrefu kupita kiasi, mbele itainuka na bomba la shingo litavutwa kwa nguvu ambazo halikuundiwa. Kipimo hicho huchukuliwa kwa futi ya kawaida ya fundi, tena baiskeli ikiwa imesimama, na mtu mmoja akiwa juu yake.